Chupa ya Kwa Bibi Cherehani

"Chui, mzigo uko kwenye pikipiki nyekundu. Hakikisha haufiki darajani."

"Nimekupata, Mkuu."

Chui akakanyaga mafuta. Land Cruiser ikanguruma kandokando ya bomba la mafuta ghafi. Juu yake droni ilimfuata, ikimrushia Mkuu picha za kila kitu. Agizo lilikuwa wazi: majasusi wa kigeni wanatorosha siri za visima vya mafuta.

Mita mia mbili.

Hamsini.

Alikata usukani, akaziba njia. Pikipiki ikaserereka, ikalala. Chui akaruka chini, bastola ya Glock mkononi.

"Mikono juu!"

Huyo jasusi wa kigeni alikuwa nesi wa makamo, sare imechanika gotini.

"Taratibu, baba," alisema. "Zitavunjika."

Chui alifungua sanduku la chanjo. Chupa kumi na mbili za maji. Basi.

"Ya visima vyetu," nesi alisema. "Tangu waanze kuchimba mafuta, nazalisha watoto wasiolia. Huku hakuna anayekubali kuyapima. Ng'ambo ya daraja wamekubali."

Kila chupa ilikuwa na plasta iliyoandikwa kwa kalamu, kama manesi wafanyavyo. Kwa Shule. Kwa Fundi Baiskeli. Kwa Bibi Cherehani.

Chui akaisoma tena plasta ya mwisho. Mtaa mzima ulimwita hivyo mama yake mzazi. Pampu ya kisima kile aliinunua yeye, kwa mshahara wake wa kwanza, akajiona mwana kweli.

Redio ikakoroma. "Mbona umeganda?"

"Ni maji tu, Mkuu."

"Tunajua ni maji. Mwaga."

Walijua! Chui alitazama daraja, hatua arobaini tu. Akatazama juu. Droni ilikuwa imeshuka. Mwenye nguvu mpishe, alijiambia, na akajichukia.

Alimwaga moja moja. Nesi alikaa vumbini, akitaja kwa sauti ndogo kila chupa ilikotoka. Ile ya mwisho, ya Kwa Bibi Cherehani, Chui aliishika kitambo, kisha nayo akaimwaga.

"Kazi safi, Chui."

Alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akarudi garini bila haraka, kama alivyofunzwa. Akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umenikumbuka!"

"Mama, maji ya kisimani usiyanywe tena."

"Kha! Yana nini? Na pampu yako inavyofanya kazi vizuri!"

Redio: "Chui, unaongea na nani?"

Alifumba macho.

"Hayana kitu, mama. Nakutania."

Mama alicheka mpaka akakohoa, akamwambia angoje kidogo, ameze funda la maji.