Mfuko Usiopumua

"Gesi ya kucheka? Mimi?" Mpelelezi alijigonga kifua. Kituoni walimwita Macho, kwa sababu alisifika kwa kutopepesa. "Shemeji, gesi hiyo ikijaribu kunilaza, italala yenyewe."

Shemeji yake muuguzi hakucheka. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha matibabu, kope zimemvimba, koti jeupe limekunjika pale alipolishika kwa ngumi.

"Mizaha tufanye kesho," alisema. "Leo nafukuzwa."

Ilikuwa saa tano asubuhi. Saa nne na nusu, bibi mmoja aling'olewa jino la dhahabu kwenye kliniki ile ya meno. Jino likawekwa kwenye trei ya chuma. Dakika tano baadaye trei ilikuwa na koleo na damu tu, na bibi, akiwa bado ameegemea kiti, kikombe cha gesi puani, alisema kwa sauti ya mtu anayetoka mbali kwamba amemwona muuguzi akilichukua. Daktari, ambaye ndiye mwenye kliniki, akatoa hukumu: jino lisipopatikana hadi saa nane, muuguzi avue koti na asirudi tena.

Chumbani walikuwa wanne: bibi, daktari, muuguzi, na mke wa mwana wa bibi, aliyekaa kwenye kona kumsindikiza mkwewe. Mifuko yote ilikuwa imepekuliwa. Ndoo ya taka ilimwagwa juu ya gazeti. Hata chujio la mashine ya kunyonya mate lilifunguliwa, likatoa vipande vya jino lililooza na harufu ya kumtoa mtu mbio.

Macho alianza na daktari.

"Ulitoka chumbani?"

"Dakika mbili. Saa nne na thelathini na mbili. Nilipokea simu."

"Simu gani hiyo inayopokelewa kwa glavu zenye damu?"

Daktari alitazama viatu vyake. "Mama mkwe. Yeye hasubirishwi."

Simu yenyewe ilithibitisha, na karani wa mapokezi pia: daktari alisimama mbele yake muda wote, simu mkono mmoja, mkono mwingine ameuinua juu kama mtu anayeapa. Huyo akatoka kwenye hesabu.

"Na wewe, shemeji?"

"Nilimpa mgongo mgonjwa, niko kwenye mtambo. Ukifunga gesi unampa mtu oksijeni tupu dakika tano, akili irudi nyumbani. Kila kitu naandika."

Alimpa kadi. Macho akasoma: *Saa 4:10, gesi asilimia thelathini. Saa 4:15, arobaini. Hacheki, halegei. Mfuko hauchezi. Ganzi ya sindano imeshika.*

"Mfuko hauchezi?"

"Ule wa mpira, ubavuni mwa mtambo. Kwa kawaida hucheza. Nilimwambia daktari, akasema ganzi inatosha, tuendelee."

Mke wa mwana alijibu kwa kifupi, mikono imefungwa mapajani. "Mimi niliona mgongo wa kiti, afande."

"Na mumeo?"

"Yuko nje. Anaongea na sonara. Anataka jino liyeyushwe, atengenezewe pete."

Bibi mwenyewe alikuwa chumba cha kupumzikia, kando ya dirisha, mwanga umemwagika mapajani mwake, anauma pamba ya kuzuia damu. Alipenga kamasi, akavuta pua, akazungumza meno yakiwa yamefumbana.

"Nilikuwa naelea, mwanangu. Kama nyoya. Nikamwona yule binti. Mkono wa kushoto, vidole viwili. Akalifunga kwenye pamba, akalitia mfukoni."

"Ulimwona vizuri?"

"Kama ninavyokuona wewe na kitambi chako."

Macho alivuta kitambi ndani, akarudi chumbani. Muuguzi alikuwa anafuta trei ambayo ilikwisha kutakata.

"Niweke kwenye hicho kiti," alimwambia. "Nataka kuona alichokiona."

Daktari akampima, akakubali. Kikombe laini kikamkaa Macho puani. Kilinuka mpira, halafu utamu wa mbali.

"Fumba mdomo. Pumua kwa pua."

Pumzi ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, alitaka kusema *mnaona?* Ya tatu, vidole vya miguu viliaga, vikaondoka bila ugomvi. Taa iliyo juu yake ikawa bakuli la maziwa, bakuli likawa mwezi, na dari ikapanda polepole kama mkate unaoumuka. Kicheko kilimwanzia magotini. Mshale wa saa ya ukutani ulikuwa ukitembea ubavu kama kaa. Mkono ulipita mbele ya macho yake, mzuri, mpole. Hakujua kama ni wa kulia au wa kushoto, wa muuguzi au wake mwenyewe. Na kule pembeni mfuko wa mpira ulijaa, ukanywea, ukajaa, ukanywea, kama mnyama mdogo aliyelala salama duniani. Macho aliupenda mpaka machozi yakamtoka.

Kisha oksijeni. Chumba kikarudi kipande kipande: taa, dari, mwisho aibu.

"Nilicheka?"

"Uliuposa mfuko, shemeji. Dada atasikia."

Macho aliketi wima. "Ulikuwa ukicheza kwa sababu napumua kwa pua?"

"Ndiyo. Ukipumua kwa mdomo unakaa tu."

"Na bibi ana mafua."

Muuguzi aliacha kufuta trei.

Saa saba na nusu walisimama watatu mbele ya dirisha: Macho, daktari na muuguzi.

"Mama, mafua yalianza lini?"

"Juzi."

"Na ulipoulizwa leo?"

"Nilisema ni vumbi."

"Pua iliziba, gesi haikuingia. Mfuko ulikaa kama jiwe, na shemeji yangu akaandika. Ulikuwa macho, mama. Mimi nimetoka huko sasa hivi, sikuujua mkono wangu mwenyewe. Wewe umenihesabia vidole." Akashusha sauti. "Tumepekua kila mahali isipokuwa mdomo unaovuja damu. Naomba utoe hiyo pamba."

Bibi alivuta pua. Akaitoa, akaifungua kiganjani. Dhahabu ikameta kidogo ndani ya wekundu.

"Marehemu mume wangu alinitilia mwaka tuliopata nyumba yetu wenyewe," alisema. "Alipenda kuniona nikicheka. Mwanangu amemuuliza sonara. Mimi hajaniuliza."

"Na binti huyu alikukosea nini?" daktari aliuliza.

"Hajanikosea. Nilitaka kusema nimeota mtu mwenye nguo nyeupe, basi. Mkaniuliza nani, nikazidisha chumvi." Alimshika muuguzi mkono. "Nisamehe, binti yangu. Lakini mwanangu msimwambie. Atalichukua."

Macho hakujiuliza mara mbili. Alitoka hadi mapokezi, wenzake nyuma yake, akamwambia mwana, aliyekuwa amerudi kusubiri, "Imejulikana jino lilikokwenda. Mama alilimeza akiwa amelewa gesi. Naapa, hakuna aliyeiba."

Mwana aliruka kitini. "Alilimeza? Na muuguzi alikuwa anatazama nini? Kama lingemkaba je? Huo ni uzembe, daktari! Huyu aondoke leo hii!"

Daktari alitazama saa yake. Muuguzi alianza kufungua kifungo cha kwanza cha koti. Macho aliona sakafu ikiinama upande, na safari hii hakuwa na kikombe puani.

"Afande," ilisema sauti tulivu. Ni mke wa mwana, amesimama karibu na mlango. "Alilimeza saa ngapi?"

"Saa nne... na thelathini na tatu."

"Saa hiyo mama aliinuka kidogo, akalichukua mwenyewe, akalifunga pamba, akalitia mdomoni. Akanitazama, nikatazama viatu vyangu." Akamgeukia mumewe. "Nilinyamaza kwa sababu jino ni lake. Sasa nasema kwa sababu kazi ni ya huyu. Na pete utavaa ya shaba."

Mwana aliketi taratibu. Daktari alikohoa.

"Muuguzi," alisema, "funga kifungo, umwite mgonjwa anayefuata."

Mwana akainua uso. "Afande, wewe umeniapia. Ina maana hata wewe hukujua?"

Macho alipepesa. "Kwa kweli, uchunguzi ulikuwa bado unaendelea..."

"Alijua," mke alisema. "Nilikuwa nyuma ya mlango mama alipoitoa pamba."