Bustani Iliyorudi na Bata

Akufaaye kwa dhiki, mchunguze. Huenda dhiki yenyewe kaileta yeye.

Mubeena aliwaza hivyo akiwa amepiga magoti juu ya bustani yao inayoelea ziwani, mkono umezama kwenye majani ya matango, kidole kinavuja damu. Kuna kitu kimemdonoa.

Alifunua majani taratibu. Bata jike alikuwa amejikunyata, anaatamia mayai, macho makavu kama ya mama mkwe. Ncha ya bawa lake ilikuwa imepakwa rangi ya zambarau.

Moyo wa Mubeena ulipiga mara moja kwa nguvu, kisha ukawa kama umesahau kazi yake.

Hapa Ziwa Dal kila nyumba hupaka bata wake rangi yake, wasije wakagombaniwa. Zambarau ilikuwa ya nyumba moja tu. Ya mama yake Manzoor.

Manzoor, ambaye jana jioni aliirudisha bustani hii akiikokota kwa boti yake ya injini, huku watu wakimshangilia. Bustani ilikuwa imepotea wiki nzima. Mwizi alikuwa ameng'oa miti iliyochomekwa ziwani kuishikilia, akafunga kamba, akaondoka nayo nzima nzima, udongo, matango na nyanya zake, kama mtu anayeiba mkeka. Manzoor alisema ameikuta imefichwa nyuma ya nyumba ya Ishfaq, kijana muuza mboga. Baba yake Mubeena, mzee Rasul, alimkumbatia akilia. Na alfajiri hii alikuwa ametangulia sokoni kufanya mambo mawili: kumsikiliza Haji Samad, mkubwa wa soko, akimfukuza Ishfaq sokoni mbele ya wauza mboga wote, na kumpa Manzoor mkono wa uchumba.

Simu ilitetemeka mfukoni. Manzoor.

"Umeamkaje, mchumba?"

"Bado sijawa mchumba wako."

"Mpaka jua litoke. Bustani imetulia?"

"Imetulia. Hivi uliikuta lini vile?"

"Jana alasiri. Nikaikokota moja kwa moja mpaka kwenu. Haikupumzika kwangu hata kidogo."

Mubeena aliyatazama mayai. Yalikuwa mengi. Bata hatagi yote kwa asubuhi moja.

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

Hapo ndipo bata alipoamua kulia.

Mubeena aliziba simu kwa kiganja. Alichelewa.

"Mubeena. Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Nasikia bata."

"Bata wamejaa ziwa zima."

"Wamejaa, ndiyo." Sauti yake ilikuwa laini mno. "Basi kaa nyumbani leo. Ukungu mzito. Mtu anaweza kugongwa na injini, asijulikane hata aligongwa na nani."

Simu ilikatwa. Mbali kidogo, ndani ya ukungu, injini iliwaka.

Kwa haraka Mubeena alilivunja yai moja akiyapanga kwenye kapu. Alimfunika bata kwa shali, akaruka kwenye mtumbwi. Ujumbe wa Ishfaq ukaingia: "Usije sokoni. Wakiniuliza kwa nini nilionekana kwenye bustani yenu jioni ile ya wizi, nitanyamaza. Jina lako halitatoka mdomoni mwangu. Nitaondoka ziwani, nitatafuta kazi kwingine."

Aliandika: "Subiri." Hakuwa na muda wa neno la pili.

Alipiga kasia bila kulitoa majini, kama alivyofundishwa na marehemu mama yake, lisitoe sauti. Mlio wa injini ulikaribia, ukazunguka, ukakaribia tena. Aliupenyeza mtumbwi katikati ya majani ya yungiyungi na kujilaza kifudifudi kando ya kapu, mdomo wa bata ameubana ndani ya kiganja.

Injini ilizimwa. Karibu. Karibu sana. Alisikia maji yakigonga ubavu wa boti, na mtu akipumua.

"Mubeena?" aliita Manzoor, kama anayeita paka. "Nimekuja kukusindikiza."

Bata alijikunja ndani ya shali. Mubeena aliomba dua zote alizozijua, na zilipokwisha akaanza upya. Jani la yungiyungi lilimgusa shavuni, baridi kama mkono wa maiti.

Hatimaye injini iliwaka tena, ikaelekea sokoni.

Soko lilikuwa limesongamana, mitumbwi ubavu kwa ubavu, spinachi, matango na figili vikirushwa kutoka huku kwenda kule. Wanaume peke yao. Wanawake hufika pale kwa kusimuliwa tu, waume zao wakirudi nyumbani kunywa chai ya chumvi. Katikati, Ishfaq alisimama juu ya mtumbwi wake, kasia mkononi, kichwa kimeinama.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, kijana," alisema Haji Samad. "Jioni ile bustani ilipopotea ulifuata nini pale?"

"Sina la kusema, Haji."

"Mwizi huwa hana la kusema," alisema Manzoor, amekwishafika, amesimama pembeni ya mzee Rasul kama mkwe kamili.

Ndipo mtumbwi wa Mubeena ulipojipenyeza.

"Binti umepotea njia?" alitania muuza figili mmoja. "Umeleta nini cha kuuza?"

"Bata."

Watu walicheka. "Hapa soko la mboga, dada. Bata anapikwa na mboga, haji nayo."

"Mubeena, rudi nyumbani," alisema mzee Rasul, uso umemgeuka. "Sasa hivi."

Manzoor alimtazama tu, akitabasamu bila kuonyesha meno. Mubeena aliivuta shali. Bawa la zambarau likaonekana, na kicheko kikafa kuanzia mitumbwi ya mbele kwenda nyuma.

"Nimemkuta kwenye bustani yetu, ameatamia. Huyu bata wa nani, Haji?"

Wote walikuwa wakimtazama Manzoor.

"Bata huogelea," alisema Manzoor haraka. "Atakuwa amepanda nilipokuwa naikokota."

"Na haya?" Mubeena aliinua kapu.

Haji alichungulia mayai, akakohoa. "Kwa hiyo alipanda na mayai yake mkononi, mwanangu? Au aliyataga yote njiani, kwa jinsi unavyoendesha vibaya?"

Safari hii walicheka kicheko kingine, kisicho na huruma. Mzee Rasul alijisogeza mbali na Manzoor, kidogo kidogo, kama mtu aliyegundua amekaa karibu na moto.

"Bustani ilikuwa kwenu," alisema Haji. "Wiki yote. Umeiba, ukajifanya umeokoa, ukadai na mke kama shukrani."

Manzoor alipauka. Kisha akatoa silaha yake ya mwisho, akimwangalia Mubeena machoni. "Haya. Na Ishfaq? Alionekana pale wakati wa magharibi. Alifuata nini? Mwambieni aseme."

Soko zima likamgeukia Ishfaq. Alitazama maji tu. Alikuwa tayari kufukuzwa pamoja na mwizi.

"Nyamaza, mwanangu," mzee Rasul alimnong'oneza binti yake. "Bata ametosha. Usiongeze."

Mubeena aliwaona wote. Wanaume wa ziwa zima, na nyuma ya kila mmoja mke, dada, shangazi, na ndimi zao. Aliogopa kuliko alivyoogopa kwenye yungiyungi. Kule angekufa mara moja tu.

"Alikuja kuniona mimi," alisema. "Huja kila jioni nikimwagilia. Hukaa kwenye mtumbwi wake, mimi kwenye bustani, tunaongea. Nampenda."

Kasia la Ishfaq lilimponyoka, likaanguka majini. Hakuliokota.

Haji Samad alijifuta uso kwa mkono mzima. "Kuanzia leo," alisema hatimaye, "hakuna atakayenunua kwa Manzoor wala kumuuzia. Ishfaq, pima mboga zako, watu wana njaa."

Boti ya injini iliondoka bila kusindikizwa.

"Mzee Rasul," Ishfaq alisema, "leo adhuhuri wazee wangu watabisha hodi kwako. Kwa heshima zote."

Mzee Rasul alimgeukia binti yake.

"Waje," alisema. "Lakini kwanza, Mubeena, waombe radhi wanaume hawa kwa uliyoyatamka mbele yao. Neno moja tu, nikusitiri."

Mubeena alimfunika bata vizuri.

"Bata nitamrudisha kwa wenyewe, Baba, na mayai yake, na lile nililolivunja nitalilipa. Radhi siombi."