Udongo wa Kaburi la Nakhumicha

Kila msimu wa mvua mto ulifurika huko Tongaren na kuzoa mahindi, kwa hiyo mwaka wa 2006 wanakijiji walikubaliana kujenga bwawa dogo la kuzuia maji, lenye ukuta wa udongo. Jairus Mukhwana akawa mwenyekiti. Hakuchaguliwa, alipayuka kuliko wengine, basi. Ndivyo alivyokuwa: mdomo wake mwenyewe, masikio ya kuazima.

Udongo bora wa ukuta ni wa kichuguu, maana hushika maji. Kichuguu kikubwa kilikuwa nyuma ya nyumba ya Jairus, juu ya kaburi la shangazi yake, Nakhumicha. Marehemu alikufa bila mtoto, akazikwa huko nyuma, na hakuna aliyerithishwa jina lake.

"Mzee, si huyu ni shangazi yako?" aliuliza mkewe Nelima, mimba ikiwa kubwa.

"Shangazi gani, bana? Ati mtu hakuacha hata paka, sasa nimuogope?" Jairus akacheka, akainua jembe. "Wacha leo naye afanye kazi."

Ukuta ukasimama. Mvua ilipoanza, ukavuja mahali pamoja. Jairus akaziba. Kesho yake ukavuja pale pale. Waliogusa maji hayo walisema yalikuwa vuguvugu, kama mate.

Wiki hiyo Nelima alijifungua binti. Mtoto akalia bila kukoma. Kwa desturi yao, mtoto akilia hivyo hutajiwa majina ya waliotangulia. Akinyamaza, hilo ndilo lake. Wakataja ya ukoo mzima. Mtoto akazidi.

"Limebaki moja," Nelima alinong'ona.

"Thubutu! Mtoto wangu hataitwa jina la tasa."

Akavaa gambuti zake za mvua, akabeba sepetu, akapanda kwenda kuziba ukuta. Ilikuwa alasiri, mvua ikipiga kweli kweli, na nyumba yao ilikuwa bondeni, chini ya ukuta wa bwawa.

Nelima akabaki na kilio. Kisha akasikia kingine, kutoka ukutani. Sauti ile ile. Mtoto alipovuta pumzi, ukuta ulilia. Maji yakaingia mlangoni. Mekundu. Vuguvugu. Yakafika kitandani.

Akainama sikioni mwa mtoto.

"Nakhumicha."

Kimya. Mtoto akashika titi. Maji yakarudi nyuma polepole, kama mgeni anayeaga.

Ukuta ule haujavuja tena. Jairus hakuonekana, walipekua bwawa lote kwa miti mirefu, wakatoka mikono mitupu. Nelima alilia kiasi cha heshima, si zaidi.

Kilichopatikana ni gambuti zake, zimesimama juu ya ukuta, zimeshindiliwa udongo wa kichuguu hadi mdomoni. Nduguye, Wanjala, akapasua moja kwa panga. Udongo haukumwagika. Ulisimama wima, na vidole vyote vitano.

Mguu mdogo. Wa mwanamke.

Wanjala alipougusa, ulikuwa na joto.