Kambi ya Vijana Yatafutiwa Sahan

Mzee Dekow wa mtaa wa Iftin ni mtu wa chai. Akishaswali alfajiri, lazima chai ya maziwa ya ngamia, sukari mpaka kijiko kinasimama. Na kwa mambo ya ngamia hakuna wa kumshinda. Akiona nyayo mchangani atakuambia huyu ana mimba, huyu hana. Lakini habari hii si ya ngamia. Ni ya kambi.

Wazazi wa mtaa wana kambi ya vijana nje ya mji. Shule zikifungwa, watoto wanakwenda huko kusoma, kucheza, kujifunza kazi za mikono. Mzee Dekow ndiye mwenyekiti. Mwaka huu wazazi walichanga pesa za kuitengeneza kambi. Kamati ikakaa hotelini, wanaume peke yao, wakakata shauri: tujenge geti kubwa la chuma! Fundi akaitwa.

Basi kambi imeanza juzi tu, Mzee yuko na kikombe chake, akamwona mjukuu wake Ifrah anaingia, begi mgongoni, mkono tumboni.

"Naa Ifrah! Kambi imeisha?"

"Mimi ndio nimeisha, awowe. Sirudi tena. Na Lul rafiki yangu pia harudi."

Mzee akashtuka. Msichana huyu mwaka mzima alikuwa anaililia kambi hiyo. Akamwita jirani yao Qali, afisa wa afya. Qali akampeleka Ifrah kliniki, mkojo ukapimwa, dawa ikapatikana. Kisha akarudi kwa Mzee, ambaye humwita adeer, yaani ami.

"Adeer, dawa peke yake haitoshi. Wasichana kule hawanywi maji."

"Maji ipo! Tangi imejaa!"

"Ipo. Lakini wakikunywa wataenda choo. Na choo iko ng'ambo ya uwanja, mlango inaangalia mpira, komeo hakuna. Wavulana wanawacheka wakipita. Kwa hivyo wanashinda na kiu kwa jua hii, wanabana mkojo mpaka giza. Mtu akifanya hivyo, ugonjwa unaingia njia ya mkojo. Unaweza kupanda mpaka kwa figo."

"Wallahi hakuna mtu ametuambia."

"Mliuliza nani? Adeer, ukihamisha ngamia, unaondoka tu?"

"Haiwezekani! Lazima kwanza nitume sahan." Sahan ni mtu anayetangulia kuangalia majani na maji. "Anayehama bila sahan ni mwendawazimu."

"Na kambi? Sahan yenu alikuwa nani?"

Mzee akasahau kikombe chake. Chai ikapoa mkononi, jambo ambalo nyumba ile haijawahi kuona.

Ifrah alipopata nafuu, Mzee akamwambia, "Haya, wewe na Lul ndio sahan. Tangulieni, mimi nafuata." Wakaizunguka kambi yote. Wasichana wakasema kila kinachowasumbua, Mzee nyuma yao, akichora mchangani kwa bakora. Jelle wa kamati alikuwa pale na fundi wa geti.

"Waryaa Dekow! Siku hizi wewe unachungwa na watoto?"

"Na wananipeleka kwenye maji!"

"Na geti je? Geti ndiyo uso ya kambi!"

Lul, yule mwenye maneno, akamuuliza kwa heshima zote, "Adeer Jelle, ukibanwa, utakimbilia geti?"

Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Jelle naye akashindwa, akacheka. Geti likaambiwa lingoje, choo kijengwe kwanza.

Qali akaitwa, akaeleza: choo cha wasichana kiwe karibu na wanapolala, lakini mbali na kisima cha kambi, tena upande wa chini yake, uchafu usifike kwenye maji. Komeo ndani, taa, maji na sabuni mlangoni, na pipa la pedi lenye kifuniko. Ifrah akaongeza ukuta mbele ya mlango, mtu asionekane akiingia. Mzee naye akakumbusha: shimo lisielekee kibla wala kuipa mgongo. Fundi hakuwa analijua hilo. Mashallah, kila mtu alileta lake.

Likizo iliyofuata, Ifrah ndiye wa kwanza kufunga begi. Wasichana wote walirudi, na wengine wapya. Mzee akaenda kuwatazama. Akamkuta Bishara, mpishi wa kambi, mkono kiunoni.

"Mzee, wasichana yako wananitesa! Tangi nimejaza asubuhi, saa hii imekauka. Wanakunywa na wanajaza chupa tena!"

Mzee Dekow akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Jaza tena, mama. Jaza tena."