Amekufa Danilo Yupi?

"Rudia, Giada! Nani amekufa?"

Fiorenza alikuwa juu ya Daraja la Vigo, watalii wa Kijerumani wamemzunguka. Yeye ndiye kiongozi wao, na masimulizi yake yalikuwa yamefika katikati ya vita ya kale, pale Wagenoa walipouteka mji wetu wa Chioggia na Waveneti wakaja kuwazingira humo humo, hadi wakala paka na panya. Simu ya binamu yake ikaikatisha vita yote.

"Danilo," Giada alilia upande wa pili. "Danilo Tiozzo! Padre katangaza sasa hivi kwenye misa ya asubuhi. Wavu umemvuta, kazama. Fiorenza, kaa chini kwanza."

Hakukaa. Alishika ukingo wa daraja kwa mikono miwili.

Pembeni yake alisimama Alvise, Mveneti mwenye kampuni ya utalii. Ndiye bosi wake, na Jumapili iliyokuwa inakuja angekwenda kumposa kwa baba yake.

"Kuna nini?"

"Danilo amekufa."

"Yule mvuvi? Pole sana. Lakini futa machozi, wageni wanatazama."

"Watazame! Nampenda, Alvise! Sijaacha kumpenda hata siku moja!"

Lo! Juu ya daraja, mchana kweupe, mbele ya mposaji. Wajerumani hawakuelewa neno, lakini walishusha kamera zao.

"Unamlilia mtu aliyezaa nje?"

"Hata angezaa kumi!"

Huo ndio uliokuwa mwiba wao. Danilo na Fiorenza walikuwa wachumba, mji mzima unajua. Oktoba iliyopita Alvise akamnong'oneza kwamba Danilo Tiozzo amezaa kwa siri na msichana wa Sottomarina, hapo ng'ambo tu. Fiorenza hakugombana wala hakuuliza. Aliacha kupokea simu zake, na kila Danilo alipogonga mlango alijibiwa maneno mawili: "Jiulize mwenyewe."

Sasa alikuwa anaikimbia Corso nzima, barabara yetu kuu, amewaacha wageni kama walivyo. Akaupita mnara wa saa, akakata kwenye soko la samaki ili afike kwa mama yake Danilo. Hakuhitaji kufika nyumbani. Mama Nives alikuwa pale pale mezani kwake, chini ya turubai jekundu, anasafisha ngisi na kumtania mteja.

Fiorenza aliduwaa.

"Mama Nives! Mwanao amekufa na wewe unauza ngisi?"

Kisu kilianguka. "Mwanangu yupi?"

"Danilo! Padre kasema Danilo Tiozzo!"

"Danilo Tiozzo nani?"

"Hakusema."

"Kwa nini asiseme?"

"Ni mgeni, Mama. Ametoka Padova juzi."

Soko zima waliweka visu chini. Kwetu ukiita "Tiozzo!" sokoni hapo, nusu ya vichwa vitageuka, na nusu iliyobaki ni akina Boscolo. Ndiyo maana kila ukoo una jina lake la utani, na serikali yenyewe inaliandika kwenye kitambulisho. Danilo huyu ni Tiozzo Bisato, yaani mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Ukimtaja marehemu bila jina hilo umezivisha nyeusi nyumba za watu chungu nzima. Meza ya tatu tu kutoka pale mwanamke mwingine alikuwa ameshapiga magoti, naye ana Danilo wake baharini.

Mama Nives alipiga simu. Haipatikani. Akapiga tena, mikono inanuka ngisi, machozi yanamshuka bila sauti.

"Alitoka jana jioni," alisema. "Mwanangu, hajarudi."

Hapo Alvise akafika, anahema.

"Acheni vilio, nimepiga simu bandarini! Siye huyo wenu. Aliyekufa ni Danilo Tiozzo Pevere, yule mwenye mtoto Sottomarina. Haya, Fiorenza, turudi kwa wageni."

Mama Nives na yule wa meza ya tatu walipiga ishara ya msalaba. Fiorenza alishusha pumzi, akataka hata kucheka. Kisha maneno yakamwingia.

"Umesema mwenye nini?"

Alvise alirudi nyuma hatua moja.

"Mwenye mtoto Sottomarina ni Pevere?"

"Mimi nilikwambia Danilo Tiozzo. Si ndilo jina lake? Sikudanganya."

"Ulijua ni Pevere!"

"Ungeuliza!"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini neno hilo lilimchoma kuliko uongo wenyewe. Kweli, angeuliza. Mzaliwa wa Chioggia, tena binti wa akina Boscolo, na hakuuliza kitu ambacho hata mtoto wa chekechea wa kwetu angeuliza! Wivu ulikuwa umemziba masikio.

"Wewe bwana," Mama Nives alimwambia Alvise, "ondoka mbele ya samaki wangu kabla hawajaoza."

Simu yake ikalia. Namba ngeni.

"Mama, ni mimi. Yangu imeloa, hii ni ya nahodha. Tumempata Pevere. Tunamleta."

Mama Nives alimsukumia Fiorenza simu.

"Danilo."

"Nani huyo?"

"Fiorenza."

Nyuma ya sauti yake injini ya boti ilinguruma.

"Uliniambia nijiulize mwenyewe," Danilo alisema. "Nimejiuliza majira yote ya baridi. Sijapata jibu."

"Niliambiwa una mtoto Sottomarina."

"Mtoto wa Pevere? Mimi ni baba yake wa ubatizo! Ungeniuliza mara moja tu."

"Nisamehe."

"Nimepakata kichwa cha mwenzangu hapa, Fiorenza. Usiniombe msamaha sasa. Tamara, mama wa mtoto, yuko gatini peke yake, ndugu wa Pevere hawamtaki. Nenda ukakae naye."

Alikwenda. Tamara alikuwa amesimama na mtoto kifuani, watu wamejitenga naye. Fiorenza alikuwa amemchukia miezi yote ile bila kuujua uso wake. Sasa aliuona: msichana mdogo, macho yamevimba.

"Dada, Danilo kanituma nikae nawe."

"Danilo?" Tamara aliinua uso, umejaa matumaini. "Yuko hai?"

Fiorenza alikuwa amefanya lile lile la padre.

"Bisato," alisema kwa shida. "Ni Bisato aliyenituma. Nisamehe, dada."

Tamara aliyumba. Fiorenza alimdaka yeye na mtoto, wakaketi chini wote watatu, na hawakuachiana hadi boti ilipofunga kamba.

Wanaume walipita na machela. Danilo alikuwa nyuma, nguo zimemganda mwilini kwa chumvi. Alisimama mbele ya Fiorenza, akamtazama sana.

"Tukishamzika nitakuja kwenu. Mwambie baba yako kuna mtu anakuja kuposa."

"Nimwambie nani?"

Danilo aliutazama mwili uliofunikwa, akamtazama Tamara.

"Jina lote, Fiorenza. Safari hii mwambie jina lote."