Kimya Hewani

Jumamosi ile duka la santuri la mtaa wa Haight lilifurika, na mikono miwili ikashika santuri moja.

"Niachie, dada. Ya kazini hii."

"Kazi gani ya kuvaa suruali ya bwanga ya zambarau?" Loretta Vukovich, kigauni cha njano, nywele mpaka kiunoni, hakuachia. Kisha akaduwaa. "Ngoja! Wewe ni Corwin wa redioni! Sauti nene vile, mwili ndio huu?"

"Sauti imeula wote, mpenzi."

Wakacheka, wakaenda kunywa kahawa, mapenzi yakaanza.

Corwin Haskell alikuwa fundi. Angechukua gitaa la dakika kumi na mbili, akaliunganisha na kilio cha mzee wa bluzi, usijue kimoja kimeishia wapi. Hakuna aliyempangia. Nasema bila haya: sijasikia tena mtangazaji wa roki kama yule.

Kisha bosi mpya akaleta sanduku la kadi. Kila wimbo kadi yake. Unapiga wa kadi ya mbele, unairudisha nyuma, basi. Corwin akalifungua, akatoa kadi ya kwanza, kisha ya pili. Kila "i" ilikuwa na kiduara juu, kama kwenye barua za Loretta.

Akampigia simu. "Kadi hizi umeandika wewe?"

"Ofisi yetu ilipewa hiyo kazi. Nimeandika mia tatu. Sikujua ni za kituo chako mpaka juzi."

"Juzi! Na jana tulikula pamoja!"

"Niliogopa, Corwin."

"Umenichimbia kaburi kwa mwandiko mzuri." Akakata.

Wiki tatu akazifuata kadi, moyo umemfia. Ijumaa moja adhuhuri akalisukuma sanduku kando, akapiga alivyotaka. Loretta alisikia akiwa ofisini. Simu ya studio ikalia.

"Watakufukuza, mwendawazimu wewe!"

"Wameshanifukuza. Bosi yuko mlangoni, anasubiri nitoke."

"Sababu ni mimi."

"Sababu ni sanduku. Wewe nilikuonea, Loretta. Nisamehe."

Loretta alikuwa akilia. "Nilikukumbuka mpaka nikaumwa. Haya, santuri yako inaisha."

Kwa mtangazaji hakuna aibu kubwa kama kimya hewani. Miaka kumi na mmoja Corwin hakuwahi kuacha hata sekunde moja. Sindano ikafika mwisho. Redio za jiji zima zikanyamaza.

"Corwin! Kimya!"

"Nakisikia. Sigusi kitu mpaka unijibu. Utakubali nikuoe?"

"Watu wanasikiliza!"

"Hawasikii kitu. Nakusikiliza wewe tu."

Sekunde tisa. Kumi. Kumi na moja.

"Ndiyo! Nakubali! Weka wimbo, tafadhali!"

"Wimbo gani?"

"Unaniuliza mimi? Chagua mwenyewe."

Corwin akachagua. Ulikuwa wa dakika kumi na tisa, na bosi alisimama palepale mlangoni mpaka ulipoisha.