Shahidi wa Agnesi

Ilianza na harufu. Verediana aliamka asubuhi akakuta nyumba nzima inanuka tope la ziwani, na hapo Rusimbi walipokaa ziwa waliliona kwa mbali tu. Akafagia, akadeki kwa sabuni, akafungua madirisha. Harufu haikutoka.

"Mama, umeweka dagaa ndani?"

"Dagaa nizitoe wapi, mwana wanje, mwanangu?" Agnesi akajibu kutoka uani, kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani.

Kirundi hicho ndicho kilichomponza. Ulikuwa mwaka 1997, wakimbizi wamejaa Kigoma, na Mrundi aliyekutwa nje ya kambi alipakiwa kwenye lori. Agnesi alizaliwa Kibirizi. Mama yake, Honorata, alipofariki, mjomba alimchukua akiwa mchanga akamlelea Rumonge, Burundi, na aliporudi alikuwa mtu mzima mwenye lafudhi ya huko. Majirani waliokula kwake miaka yote wakajifanya hawamjui; binadamu hao. Kamati ya kukagua wakimbizi ikampa mpaka Ijumaa athibitishe kwamba wazazi wake ni wa hapa, la sivyo lori. Miguu ilikuwa imemvimba na presha iko juu. Verediana alijua kabisa kwamba kambini mama yake hatakaa muda mrefu.

Ndiyo maana siku iliyotangulia harufu alishinda parokiani na Mzee Pastory, katekista, wakifunua vitabu vya zamani. Ndoa waliiona: Honorata na Martini, 1941. Kifo nacho kilikuwamo: Honorata, 1946, amezikwa Kibirizi. Verediana alilia kwa furaha. Pastory akamnakilia, ila akamtahadharisha.

"Kamati haitaki karatasi peke yake, binti yangu. Tafuta mtu aliyemjua, aje aseme kwa mdomo wake."

Mtu gani, na wote walishakufa? Jioni ile, bila kumwambia yeyote, Verediana akashuka makaburini Kibirizi, akaliona kaburi la bibi yake, akapiga magoti kama mjukuu aliyefunzwa adabu.

"Shikamoo bibi. Ni mimi Verediana, mtoto wa Agnesi. Tunakaa Rusimbi, nyuma ya mashine ya kusaga. Mama wanataka kumpakia. Njoo utushuhudie."

Kesho yake ndipo nyumba ikaanza kunuka.

Alhamisi mchana, jua likiwaka, akamsikia mama yake akizungumza chumbani, taratibu, kama mtoto anayejibu mkubwa, na kila aliponyamaza palisikika kitu kikichuruzika sakafuni, na Verediana alipofunua pazia alimkuta Agnesi amekaa peke yake kitandani, nywele zake, ambazo hakuna aliyezigusa wiki nzima, zimesukwa mistari ya kizamani, zinadondosha maji.

"Nani kakusuka, mama?"

"Mama," akasema Agnesi, akatabasamu.

Verediana alikimbia mpaka parokiani. Mzee Pastory alimsikiliza, kisha akainuka akafunga mlango.

"Ulimsalimu kule kaburini?" akauliza kwa kunong'ona.

"Nilimsalimu, mzee. Nikamwomba aje."

"Mle hamna mtu. Honorata alichukuliwa na ziwa, mwili haukuonekana. Baba yangu ndiye aliyezika, na alizika shina la mgomba. Hivyo ndivyo tunavyofanya, ili kilichomchukua kiridhike, kisirudi kutafuta mwingine wa nyumba ile. Ukishazika unaondoka. Kaburi la namna hiyo halisalimiwi, maana atakayeitikia si wenu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulitaka karatasi, binti yangu. Hukusema unakwenda kaburini."

Ijumaa alfajiri wakashuka wawili. Pastory akakata mgomba mwingine, wakauzika juu ya ule wa kwanza, naye Verediana akasema alivyofundishwa, kwamba wito ameutangua na aliyeitwa arudi alikotoka, kisha wakaondoka bila kugeuka nyuma. Alipofika nyumbani, jua limeshapanda, alivuta pumzi mlangoni. Nyumba ilinuka sabuni tu. Alishukuru Mungu kwa sauti.

Agnesi hakuwemo. Bila shaka ametangulia kwenye kamati, akajisemea, akaenda mbio.

Bwana Rodgers, ofisa wa kamati aliyehamishiwa Kigoma kutoka Moshi, alimpokea kwa uso mkunjufu.

"Yenu yamekwisha, dada. Bibi yako ameshatoa ushahidi."

"Bibi yupi?"

"Mzaa mama. Anajua kila kitu, ndoa yake, mahari yake, mpaka nyumba yenu nyuma ya mashine. Kilichonishangaza ni kwamba mama yako ana mvi kichwa kizima, na yule mama yake ni msichana mbichi. Nyie watu wa huku mnajitunza."

Verediana akashika meza.

"Wako wapi?"

"Wameshuka njia ya ziwani, wameshikana mikono. Nilitaka kuwaitia pikipiki kwa ile miguu ya mama, yule akakataa, akasema kwao si mbali." Rodgers akamsogezea karatasi ambayo wino wa muhuri ulikuwa haujakauka. "Chukua. Mama yako sasa ni wa hapa hapa, hakuna wa kumtoa tena."